Hukupigwa Wewe, Lakini Ulisikia

"Mimi sikuguswa, ni mama tu aliyepigwa." Hivyo ndivyo husema wanawake wengi waliolelewa katika nyumba zenye vita, hapa Mukurweini, Nyeri, na kwingineko. Kijitabu hiki ni chenu.

Mtoto aliye chumba cha pili halali. Lango likilia usiku, anasikiliza hatua za baba ajue kama leo kuna amani. Mwili uliozoea kukesha hivyo hauachi kwa kuwa msichana amekua na kuolewa. Ukubwani moyo humwenda mbio mlango ukibamizwa, kichwa na tumbo humuuma bila ugonjwa kuonekana, na huomba msamaha kwa kosa lisilo lake. Mwingine hunyang'anywa simu na pesa za maziwa akadhani ndiyo mapenzi, maana hakuona ndoa ya namna nyingine. Mwingine huwachapa wanawe, kisha akalia peke yake jikoni.

Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti uliowauliza maelfu ya watu wazima kuhusu utoto wao, ikiwemo kama mama zao walipigwa. Kadiri mateso ya utotoni yalivyozidi, ndivyo sonona, ulevi na hata maradhi ya moyo yalivyozidi.

Halafu kuna ule utani wa Kenya nzima, kwamba wanawake wa Nyeri ndio wapigao waume. Hauchekeshi. Kwa sababu yake, mama mwenye jicho lililovimba huulizwa kwanza alimfanya nini mzee, na mwanamume aliyepigwa kweli huficha. Watoto wa nyumba zote mbili wanasikia.

Madhara haya ya utotoni si laana wala hayamo damuni. Wengi waliokulia katika nyumba hizo hawapigi wala hawapigwi, hasa waliopata mtu mzima mmoja wa kuaminika, awe shosho, tata au mwalimu. Hata ukiwa na miaka hamsini, mweleze mhudumu wa afya ya jamii au muuguzi, uombe ushauri nasaha. Ukiambiwa "vumilia", tafuta mwingine.

Na kama unateswa sasa, Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 haihesabu kipigo tu. Matusi, vitisho, kunyimwa pesa, hata mashemeji na wakwe kuingilia ndoa, vimo. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Piga simu ya msaada 1195 bure, usiku au mchana. Mtoto apige 116.