Anzia kwenye ndege, rudi nyuma hadi Mvumi

Ukishapata tiketi ya ndege, usianze kwa kuuliza gari la kwanza linatoka Mvumi, wilayani Kilosa, saa ngapi. Anza na saa ya ndege kuruka, kisha hesabu kurudi nyuma.

Isome tiketi kwa makini. 15:00 ni saa tisa alasiri, 03:00 ni saa tisa usiku. Kinachowaponza wengi zaidi ni tarehe. Ndege ya 03:00 ya tarehe 14 inaruka usiku wa kuamkia tarehe 14, kwa hiyo tarehe 13, kabla ya saa sita usiku, uwe umefika uwanjani. Anayepanga kutoka nyumbani tarehe 14 asubuhi ameshaachwa.

Safari za nje huhitaji saa tatu uwanjani, na za ndani saa mbili zinatosha. Mashirika mengi hufunga kaunta za safari za nje saa nzima kabla ya ndege kuruka, na ikishafungwa, kuiona ndege bado imesimama hakukusaidii. Angalia pia jengo lililoandikwa kwenye tiketi: Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lililozinduliwa Agosti 2019, ndilo la safari za nje.

Sasa rudi hatua moja. Kutoka Mvumi una njia mbili: kushika barabara ya Dumila ukapande mabasi ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, au kwenda Kilosa mjini kwenye treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mabasi yanayopita Dumila yametoka mbali, na mara nyingi yanafika yamejaa. Ukiyategemea, kata tiketi mapema, au chukua gari la kuishia Msamvu, Morogoro, ubadilishe pale. Kwa treni, hakikisha unakata ya kawaida inayosimama Kilosa, maana ya haraka haisimami, na beba kitambulisho chako.

Mwisho wa safari nao unatofautiana. Basi litakushusha Mbezi, Stendi ya Magufuli. Kutoka hapo kwenda uwanjani, barabara ya Malamba Mawili na Kinyerezi inatokea Banana, jirani kabisa na uwanja, bila kupita Ubungo wala Tazara. Anayekuja na treni ya kawaida anaweza kushukia Pugu, akaufuata uwanja kupitia Gongo la Mboto, badala ya kufika katikati ya jiji na kuanza kurudi. Foleni ya jioni Dar es Salaam ipe saa mbili hadi tatu.

Hatua inayonitia wasiwasi kuliko zote ni ile ya kwanza, ya kutoka nyumbani hadi Dumila au Kilosa. Wilaya ya Kilosa inajua maji: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaling'oa reli ya kati na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi, na Januari 2014 maji yalikata barabara kuu hapo Dumila. Kwa anayeishi vitongoji vya ndani, mvua ya usiku mmoja inatosha kumzuia bodaboda. Kwa hiyo kiangazi, ndege ya usiku inakuruhusu kutoka alfajiri ya siku unayotakiwa kufika uwanjani. Ndege ya asubuhi au mchana inakutaka ulale Dar es Salaam. Wakati wa mvua, toka siku moja kabla ya hapo, hata kama mbingu ni nyeupe. Gharama ya kulala gesti ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya tiketi mpya.

Kama una ndege mbili, jitahidi ziwe kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, mzigo utauchukua na kuukabidhi upya mwenyewe, na ukiachwa hasara ni yako. Basi na treni haziingii kwenye mkataba wa tiketi ya ndege hata kidogo.

Panga na kurudi kabla hujaondoka. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, lakini kushushwa Dumila saa nane za usiku na mabegi si salama. Ndege ikitua jioni, lala Dar es Salaam au Morogoro, na mwambie bodaboda unayemfahamu akusubiri kituoni asubuhi.