Kadi ya Michoro: Umbo, Viungo na Joto Lake

Kadi ya michoro ni ubao wa kielektroniki unaokokotoa picha zionekanazo kwenye kiwambo cha kompyuta. Kila picha huundwa kwa mamilioni ya nukta, na rangi ya kila nukta hukokotolewa upya mara nyingi kwa sekunde. Mfano utumikao hapa ni GeForce RTX 4090, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA ya Marekani mwaka 2022.

Umbo

Kiini cha kadi hii ni kipande cha silikoni chenye eneo la milimita mraba zipatazo 608 na transista zaidi ya bilioni 76. Kandokando yake zimepangwa chipu 12 za kumbukumbu, kila moja ya gigabaiti 2. Ukaribu huo una sababu. Kila waya wa data hupitisha biti bilioni 21 kwa sekunde. Katika muda wa biti moja, mwanga wenyewe husafiri milimita 14 tu. Waya ukirefushwa, ishara hudhoofika na kuvurugika.

Viungo

Waya hizo ni 384. Kwa hiyo kumbukumbu hupitisha:

384 × bilioni 21 ÷ 8 = baiti bilioni 1,008 kwa sekunde.

Ukingo wa kadi huchomekwa katika mwanya wa ubao mkuu wa kompyuta. Njia 16 za mwanya huo hupitisha baiti zipatazo bilioni 32 tu kwa sekunde kila upande. Ndiyo maana kazi isiyoenea katika gigabaiti 24 za kadi huzorota sana. Nyuma ya kadi mna soketi nne za viwambo: tatu za DisplayPort na moja ya HDMI.

Umeme

Mwanya hutoa wati zisizozidi 75, ilhali kadi huhitaji hadi 450. Nyongeza hupitia plagi ya pini 16: sita huleta umeme wa volti 12, sita huurudisha, na nne ni za ishara. Ikichukuliwa kwamba nguvu yote inapitia plagi hiyo:

I = P ÷ V = 450 ÷ 12 = ampea 37.5

Kila pini hubeba ampea 6.25. Pini tatu zisipogusana vema, tatu zilizobaki hubeba ampea 12.5 kila moja. Kwa kuwa joto hufuata kanuni I²R, mkondo ukizidi mara mbili joto huzidi mara nne. Mwishoni mwa mwaka 2022 baadhi ya plagi ziliyeyuka, na NVIDIA ikaeleza kuwa nyingi hazikuwa zimesukumwa hadi mwisho. Mwaka 2023 kiungo kilirekebishwa: pini za ishara zilifupishwa, ili kadi isivute umeme kabla plagi haijaingia barabara.

Upoozaji

Takriban wati zote 450 hugeuka joto. Juu ya kiini pana chemba bapa yenye kimiminika. Kimiminika huvukizwa na joto la kiini. Mvuke husambaa, hupoa, kisha hurudi kuwa kimiminika. Joto hupokewa na mapezi ya metali na kuondolewa na feni mbili. Kadi ina urefu wa milimita 304 na unene wa 61. Sehemu kubwa ya ujazo huo ni vipoozeo.

Zoezi

Mguso wa pini moja una ukinzani wa omu 0.005. Tafuta nguvu ya joto katika mguso huo kwa ampea 6.25, kisha kwa ampea 12.5. Eleza kwa nini plagi iliyochomekwa nusu ni hatari.