Saraka Nyingi, Seva Moja: Usajili wa Akaunti za Watumishi wa Afya

Katika wodi za Bagamoyo, watu watatu wenye waajiri tofauti wanaweza kusimama kando ya kitanda kimoja. Daktari wa hospitali ya wilaya yumo katika orodha ya halmashauri. Mtafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo tawi lake la Bagamoyo lilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S katika nchi 7 za Afrika, yumo katika orodha ya taasisi yake. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo yumo katika orodha ya chuo chake. Iwapo wote wataruhusiwa kufungua jalada la mgonjwa katika kompyuta moja, lazima mfumo uweze kumtambua kila mmoja na kujua anaruhusiwa kuona nini.

Orodha hizo, zikiwekwa katika kompyuta, huitwa saraka. Saraka ni daftari la watu na vikundi vyao: jina, namba ya utumishi, idara, na nenosiri lililofichwa. Lugha inayotumika sana kuiuliza saraka ni itifaki ya LDAP, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993. Seva ya programu nayo ndiyo inayobeba mifumo ya maabara, famasi na mapokezi. Pale ambapo kila mfumo una daftari lake, muuguzi hubeba manenosiri manne au matano, na mwisho wake huyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kioo cha kompyuta, ambako hata jamaa wa mgonjwa anaweza kuyasoma.

Dawa yake si lazima iwe kuhamishia watu wote katika daftari moja jipya. Seva kama WebSphere ya IBM huweza kuunganisha saraka kadhaa chini ya eneo moja la utambulisho, kila saraka ikabaki mikononi mwa mwenyewe. Msimamizi huiandikia seva anwani ya kila saraka, akaunti ya kusomea, na shina, yaani tawi la saraka ambalo watu wake watatafutwa. Mashina hayo yasifanane, kwani ndiyo yanayotofautisha mtu wa halmashauri na mtu wa chuo. Mawasiliano kati ya seva na saraka yafungwe kwa usimbaji. Bila hivyo nenosiri hupita waziwazi katika waya.

Ugumu wa kwanza ni majina, na pwani huuzidisha. Asha Salum na Athumani Salum, mmoja wa hospitali na mwingine wa chuo, wote wanaweza kupewa jina la mtumiaji «asalum». Kila saraka peke yake haina kasoro. Zikiunganishwa, seva hupata watu wawili kwa jina moja, na badala ya kuchagua, hukataa kumwingiza yeyote kati yao. Watumishi hulalamika kwamba mfumo umeharibika, ilhali hapo umefanya jambo la busara: ungechagua, dozi ya dawa ingeweza kurekodiwa kwa jina la mtu ambaye hakuiandika. Jina la kuingilia lijengwe juu ya kitu kisichorudiwa, kama barua pepe ya kazi au namba ya utumishi yenye alama ya mwajiri. Kuongeza tarakimu mwishoni, «asalum2», huahirisha tatizo tu. Na tahajia zetu za Ally na Ali, Othman na Athumani, hazitoi msaada wowote.

Ugumu wa pili ni hatari zaidi. Katika mpangilio wa awali wa WebSphere, saraka moja isipopatikana, uingiaji wa watumishi wote hukwama, hata wale ambao saraka yao ni nzima. Ichukuliwe kwamba ni usiku wa masika na mtandao wa kwenda Dar es Salaam, ilipo saraka ya chuo, umekatika. Mama aliyejifungua anatoka damu nyingi. Mkunga anataka kuona kundi la damu na kiwango cha hemoglobini kilichopimwa kliniki, lakini akaunti yake inakataliwa kwa sababu ya saraka ya wanafunzi ambayo haimhusu hata kidogo. Upo mpangilio unaoruhusu kazi iendelee wakati baadhi ya saraka hazipatikani, nao unapaswa kuwashwa na kisha kujaribiwa kwa kuzima saraka moja makusudi, mchana, wataalamu wakiwapo. Kadi ya kliniki ya karatasi isitupwe pia.

Kuna na upande wa wanaoondoka. Mwanafunzi akimaliza mafunzo, chuo humfunga katika saraka yake, na faida kubwa ya muungano ni kwamba hospitali haihitaji kumkumbuka katika mifumo mitano. Hata hivyo mlango haufungwi papo hapo. Seva hutunza utambulisho kwa muda katika kumbukumbu yake. Katika WebSphere tokeni ya mtumiaji, kwa mpangilio wa awali, huishi dakika 120. Aliyefukuzwa kazi saa nne asubuhi anaweza kuendelea kusoma majalada hadi karibu saa sita ikiwa hakutolewa katika mfumo. Kwa kompyuta za wodini muda huo ni mrefu mno.

Haki za kuona zipewe vikundi, si mtu mmoja mmoja. Kuunganisha saraka huthibitisha kwamba mtu ni yule anayejitaja. Hakumpi haki ya kusoma majibu ya kipimo cha VVU. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu hayo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa kutoka Kaole au Mapinga anayo haki ya kuuliza ni taarifa gani zake zinazotunzwa na nani anazitumia. Ili kituo kimjibu kwa ukweli, kumbukumbu ya seva ionyeshe jina la mtu mmoja kwa kila jalada lililofunguliwa. Akaunti ya pamoja yenye jina «wodi3», inayotumiwa na zamu nzima, haitoi jibu hilo, hata saraka zikiunganishwa kwa ustadi gani.