SOMO: Benki, Serikali na Kiwanda cha Sola



Ukimkopesha jirani pesa za kununua nazi, wataka kujua ataziuza wapi na kwa bei gani. Benki nayo ni hivyo hivyo.

Mwaka 2011 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha paneli za sola huko Naivasha. Mkopo wa mashine za kazi kama hiyo hulipwa kwa miaka mingi. Sasa tazameni sheria. Mwaka 2013 serikali iliitoza sola kodi ya VAT, asilimia 16. Mwaka 2014 ikaiondoa. Mwaka 2020 ikairudisha, 2021 ikaiondoa tena. Kodi ikipanda, bei hupanda, sisi hurudia koroboi, na kiwanda hukosa cha kulipa. Ikiondolewa kwa wote, paneli za China nazo huingia kwa bei rahisi. Na viwanda vya China vilishikwa mkono: benki ya serikali yao iliwapa mikopo mikubwa.

Benki isiyojua kesho itakuwaje hudai dhamana kubwa, au hukataa.

Hata sheria ya nia njema yaweza kugeuka. Mwaka 2016 serikali iliiwekea riba kikomo. Benki zikaona afadhali kuikopesha serikali yenyewe, na wadogo wengi wakakosa. Kikomo kiliondolewa 2019.

Basi tufanye nini? Kabla kikundi hakijakopa kununua taa za sola, tupige hesabu mbili: bei ya leo, na bei kodi ikirudi. Ya pili ikitushinda, tukope kidogo.

Maswali ya kujadiliana:
1. Bei ya sola ilipobadilika, ni nani kwetu aliyeumia?
2. Bunge hupokea maoni ya wananchi juu ya mswada wa fedha. Nani atatuandikia barua?