Kuandika Habari za Vipepeo Bustanini

Wasomaji wetu, hapana shaka mmekwisha kuwasikia wazee wakisema ya kuwa vitu vya zamani vilikuwa vingi kuliko vya sasa: samaki, asali, hata mvua. Nasi jioni moja tulijiwa na mzee jirani yetu, akaketi barazani, akaitazama bustani yetu iliyo chini ya milima ya Usambara, akauliza, "Mwanangu, je, vipepeo wamepungua, au ni macho yangu yaliyozeeka?" Tulifurahi mno, kwa kuwa tulikuwa na daftari la vipepeo la miaka kadha wa kadha. Tukalileta upesi, tukawasha taa, tukafunua kurasa. Walakini daftari halikuweza kumjibu.

Sababu yake ni hii. Tulikuwa tukiandika zile siku tu tulizoona kipepeo mzuri. Siku tuliyotazama tusione kitu hatukuandika neno, na siku tusiyotazama kabisa hatukuandika vile vile. Basi mahali patupu palikuwa na maana mbili, wala sisi wenyewe hatukujua ni ipi. Mzee akacheka, akaenda zake.

Tangu hapo tumeshika njia nyingine, nayo si akili yetu. Huko Uingereza, katika msitu wa Monks Wood, mtaalamu Ernest Pollard alianza mwaka 1973 kuhesabu vipepeo kwa kupita njia ile ile kila juma. Na tangu mwaka 1976 watu wengi wa nchi ile huhesabu hivyo. Bibi mmoja, Jennifer Owen, ambaye zamani alikaa Uganda, aliandika habari za viumbe vya bustani yake mwenyewe mjini Leicester muda wa miaka 30, tangu 1972 hata 2001. Katika kiwanja kile cha nyumbani alipata aina 2,673 za mimea na wanyama, na wengi wao ni wadudu. Twaona basi ya kuwa mtu hahitaji msitu mkubwa. Yampasa kuwa na subira.

Njia yetu huanza kisimani, hupita kando ya migomba, huzunguka milimau, huishia ua wa nyuma. Twaipita mara moja kwa juma, yapata saa nne ya asubuhi, jua likiwa limewaka na upepo ukiwa mdogo, maana kipepeo hapendi kuruka penye baridi. Twaenda polepole, wala haturudi nyuma kumfuata kipepeo aliyepita. Twaandika tarehe, hali ya mbingu, aina na hesabu. Tusipoona kitu twaandika sifuri. Tukiwa wagonjwa au safarini twaandika, "Hatukutazama." Maneno hayo mawili yana thamani kuliko kurasa zote za daftari letu la kwanza.

Anayeanza na aanzie kwenye mlimau au mchungwa, kwa kuwa hapo ataona maisha yote ya kipepeo mmoja, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga. Kiwavi akiwa mdogo hufanana kabisa na mavi ya ndege, ndiyo sababu ndege humwacha. Akikua hugeuka kijani kama jani. Mguse kwa kijiti: atatoa pembe mbili nyuma ya kichwa, na harufu kali. Tunajua ya kuwa viwavi hao huweza kula majani yote ya mche mdogo, na mwenye miche ana haki ya kuwaondoa kwa mkono. Sisi twawaondoa katika miche, lakini mlimau mzee ulio karibu na jiko tumewaachia.

Kosa letu la pili lilikuwa la macho. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zenye alama nyeupe, jina lake Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, na kwa sumu ya magugu hayo ndege humchukia. Sasa yuko mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limevaa nguo zile zile ili lisiliwe, na dume lake ni jeusi lenye mawaa makubwa meupe. Kwa miaka tuliwahesabu majike hao pamoja na Danaus, tukastaajabu kuona madume yasiyo na wake! Tazama bawa la nyuma: Danaus ana vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, yule mwigaji ana kimoja tu, ukingoni kwa juu.

Jambo la mwisho ni safari. Ukiona vipepeo weupe wakipita bustanini siku nzima, wote wakielekea upande mmoja, andika ni upande gani. Mtaalamu C. B. Williams, aliyefanya kazi hapa Amani mwishoni mwa miaka ya 1920, alikusanya habari kama hizo toka nchi nyingi, akazitoa kitabuni mwaka 1930. Hali kadhalika mwaka 2009 vipepeo wa aina ya Vanessa cardui waliingia Uingereza yapata milioni 11, na wakati wa baridi ulipokaribia waliondoka yapata milioni 26 kurudi kusini, wakiruka juu sana ambako jicho halifiki. Zamani watu walidhani hufia huko huko. Jambo hilo lilifahamika kwa mitambo ya rada, na kwa madaftari ya watu wengi waliotazama kila mmoja mahali pake.

Daftari letu la sasa tunaliweka ndani ya debe lenye kifuniko, maana mchwa walikwisha kula nusu ya lile la kwanza. Mzee amesema atarudi masika yajayo kuuliza tena.