Panua Tochi, Usichune Betri: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mji wa Manono, nchini Kongo, umekaa juu ya lithiamu. Miamba ya Roche Dure inahesabiwa miongoni mwa akiba kubwa za madini hayo duniani. Lakini jua likizama, nyumba nyingi za mji huo hutegemea tochi. Bwawa la umeme la Piana Mwanga, kwenye mto Luvua, lilijengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya migodi ya bati, kisha likaharibika miaka ya vita. Mtambo wa sola wa megawati 1 uliokuja baadaye ni mdogo kwa mji mzima. Kwa hiyo tochi ndiyo humwangazia mkunga, mchimbaji, mlinzi wa usiku na mtoto anayesoma. Tochi ikigoma, kazi hulala.

Tochi nyingi za siku hizi hutumia betri ya lithiamu ya kuchaji iitwayo 18650. Tarakimu hizo ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Tatizo ni kwamba si kila betri inayouzwa kwa jina hilo inashika vipimo hivyo. Iliyowekewa kibao cha ulinzi kitakoni hufika milimita 68 hadi 70 kwa urefu, na ganda lake la ziada huiongezea unene. Iliyotolewa ndani ya betri ya kompyuta ya zamani na kuvishwa utepe na fundi huwa nene zaidi. Ikikataa kuingia, watu hushika kisu wakaanza kuchuna ganda lake. Kosa hilo linaunguza watu na nyumba. Kanuni ni moja: kinachopunguzwa ni tochi. Betri haiguswi.

YA KUFANYA

1. Pima kwanza. Kama huna kipimo cha vernia, zungushia betri ukanda mwembamba wa karatasi, weka alama pale unapokutana, upime urefu wake kwa rula, kisha ugawanye kwa 3.14. Ukanda wa milimita 56.5 ni betri ya milimita 18. Ukanda wa milimita 58 ni betri ya milimita 18.5 hivi. Pima sehemu tatu: juu, katikati na chini. Mara nyingi kinachokwama ni mshono wa ganda au utepe uliopishana mahali pamoja tu.

2. Pima volti kabla ya kuanza kazi. Betri nzima ya lithiamu huwa na volti 4.2 ikijaa, na haifai kushuka chini ya 2.5. Ukiikuta chini ya hapo, usiipanulie tochi. Imekufa, na kuilazimisha kuchaji ni hatari.

3. Kagua ukuta wa tochi. Tochi ya alumini yenye ukuta mnene inaweza kupunguzwa ndani kidogo. Ya bati jembamba au ya plastiki haina cha kupunguzwa, iache. Ukihitaji kuongeza zaidi ya nusu milimita ya upana, tafuta tochi nyingine.

4. Toa kila kitu ndani. Fungua kichwa na kifuniko cha nyuma, toa betri, swichi, springi na mipira ya kuzuia maji. Betri iwekwe mbali na meza ya kazi, juu ya kitu kisichopitisha umeme.

5. Tumia msasa, tena polepole. Viringisha msasa kwenye kijiti cha mviringo kinachoingia ndani ya tochi kwa kujaa. Zungusha huku ukisogeza mbele na nyuma ili upungue sawasawa pande zote. Anza na msasa mkavu wa chembe kubwa, malizia na laini. Jaribu betri mara kwa mara, ila kila mara safisha tochi kwanza. Simama pale betri inapoteleza kwa uzito wake yenyewe ukiinamisha tochi, na kutoka kwa namna hiyohiyo.

6. Osha vumbi lote. Unga wa alumini unapitisha umeme. Osha kwa maji na sabuni, futa kwa kitambaa, kausha kabisa. Rudisha mipira na uipake mafuta mepesi ili vumbi jekundu la Manono na maji ya mvua visiingie.

7. Urefu ukizidi, shughulikia springi. Springi iliyo ndefu inaweza kukatwa pete moja, na ncha yake ikalazwa bapa isichome kitako cha betri. Kifuniko kifungwe kwa vidole, bila koleo. Kikidai nguvu, betri bado ni ndefu mno kwa tochi hiyo.

8. Jaribu ukiwa nje. Washa tochi, iweke chini uwanjani, uishike baada ya dakika chache. Kichwa kupata joto ni kawaida, maana taa iko hapo. Kitako au kiwiliwili kikiwa cha moto kuliko kichwa, zima na utoe betri mara moja.

YA KUTOFANYA

1. Usichune ganda la betri. Itazame kwa karibu upande wa chanya. Chini ya plastiki kuna kiduara cheupe, na katikati yake kitufe. Kopo lote la chuma, kuanzia kitakoni hadi kwenye bega linalozunguka kitufe hicho, ni hasi. Chanya na hasi zimetenganishwa hapo kwa nafasi ndogo sana na plastiki nyembamba kama karatasi. Ukiichana, kisha ukaisukuma ndani ya tochi ya chuma, umeme wote hupita njia ya mkato kwa sekunde chache, na betri huanza kuchemka ndani. Ganda likiwa limechanika tayari, livuliwe lote na betri ivishwe ganda jipya la plastiki ya kusinyaa kwa joto, pamoja na kile kiduara. Utepe wa fundi umeme hautoshi: gundi yake hulainika kwenye joto na utepe husogea.

2. Usisugue betri kwa tupa wala msasa. Ukuta wa kopo ni mwembamba, na ndani yake mna kimiminika kinachowaka.

3. Usipige nyundo, wala usichokonoe iliyokwama kwa msumari au bisibisi. Fungua ncha zote mbili, uisukume taratibu kwa kijiti cha mti kisicho na ncha, ukianzia upande wa hasi.

4. Usiguse nyuzi za kufungia. Msasa ukila nyuzi, kifuniko hakitashika, maji yataingia, na mguso wa umeme utakuwa wa kukatikakatika.

5. Usiunganishe waya kwa lehemu moja kwa moja kwenye betri. Joto la pasi ya kulehemu huharibu utando unaotenga chanya na hasi ndani. Madhara hayaonekani siku hiyo.

6. Usidhani kinachoingia kinafaa. Betri ya lithiamu iitwayo 14500 ina umbo lilelile la betri ndogo ya kawaida, lakini hutoa volti 3.7 ambapo ya kawaida hutoa 1.5. Ukiweka mbili kwenye tochi ya volti 3, utaunguza taa. Kinyume chake, betri za nikeli za kuchaji hutoa volti 1.2 kila moja: mbili ni 2.4, na baadhi ya tochi zitamulika kwa unyonge. Kabla ya kupanua tochi, hakikisha volti zinalingana.

7. Usichanganye. Tochi ya betri mbili au tatu ipewe betri za aina moja, umri mmoja na chaji sawa. Iliyochoka huisha mapema, na nyingine huendelea kuilazimisha mpaka inaharibika au kupasuka.

8. Usiamini maandishi. 18650 iliyoandikwa 9900 mAh (kiasi cha chaji inachobeba) ni ya uongo. Nyingi zilizo nzuri sokoni huwa kati ya mAh 2000 na 3500. Nzima huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi kama imejazwa hewa, mrudishie muuzaji. Usitumie saa nzima kuitafutia nafasi.

9. Usiichaji moja kwa moja kwenye paneli ya sola wala kwenye betri ya gari. Chaja ya lithiamu husimama kwenye volti 4.2. Paneli haijui kusimama. Usiichaji ukiwa umelala, juu ya godoro, wala karibu na petroli.

10. Usiiache juani. Ndani ya tochi iliyoanikwa kwenye bati la nyumba joto hupanda kuliko betri inavyostahimili.

AJALI IKITOKEA

Betri ikifura, ikitoa harufu kali au mlio wa kufoka, iweke chini na uondoke. Moshi wake una sumu. Waondoe watoto kwanza. Ikiwaka, mwaga maji mengi kutoka mbali ili kuipoza, na uendelee hata baada ya moto kuzimika, kwa kuwa inaweza kuwaka tena. Usiikanyage wala usiifunike kwa nguo.

Betri iliyokufa funika ncha zake kwa utepe, uiweke kwenye chombo kisicho cha chuma, mbali na nyumba na watoto. Usiitupe jikoni, shimoni wala mtoni.

Ndugu fundi, mteja akikuletea tochi na betri isiyoingia, haki yake ni jibu la kweli, hata kama halimfurahishi. Ukuta ukitosha, panua tochi. Usipotosha, mwambie anunue betri nyembamba au tochi nyingine. Akikusihi uchune betri kidogo tu, kataa, umweleze kwa nini, na umrudishie vitu vyake.