Siku Moja Mlima Elgon: Mwongozo kwa Wakazi wa Busia na Malaba



Likizo ya Pasaka ikifika, familia na vikundi vya vijana hapa mpakani huchanga pesa, hukodi matatu na kwenda kuuona mlima waliouzoea kwa mbali tu. Wengi huelekea maporomoko ya maji ya Sipi, upande wa Kapchorwa nchini Uganda. Yako matatu, na lililo refu zaidi hushuka karibu mita 100. Theluji ya kutelezea usiitarajie. Elgon utakutana na tope, na pengine mvua ya mawe.

Mvua kwanza

Watu hujiandaa sana kwa maofisa wa mpaka wakasahau mawingu, na hapo ndipo safari nyingi huharibika. Pasaka huangukia msimu wa masika. Asubuhi jua linaweza kuwaka vizuri, kisha alasiri mlima wote ukafunikwa. Miteremko ya Elgon ni mikali na udongo wake ukilowa sana huachia. Machi 1, 2010 udongo ulifunika kijiji cha Nametsi, Bududa, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Oktoba 2018 Bududa ilipigwa tena. Mwishoni mwa Julai 2022 mafuriko yaliua watu Mbale, mji ambao wewe utaupitia ukitokea Tororo.

Kwa hiyo ondoka alfajiri. Ukifika Mbale, waulize madereva waliotoka Kapchorwa hali ya barabara kabla hujapanda. Ikifika saa nane mchana anza kurudi, hata kama nyama bado iko jikoni. Mto ukifurika usiuvuke, kwa gari wala kwa miguu. Dereva akisisitiza, shukeni.

Kandambili ziache nyumbani. Vaa viatu vyenye meno, beba koti la mvua na nguo kavu ya kubadilisha, hasa ya watoto. Joto hupungua takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Sipi si juu kiasi cha kugandisha mtu, lakini aliyelowa hutetemeka hata huko. Njia za kushukia kwenye maporomoko huteleza. Chukua kijana mwenyeji akuongoze, na mpatane bei kabla hamjaanza kushuka.

Mpakani

Busia na Malaba zote zina kituo kimoja cha pamoja: ukienda, unahudumiwa upande wa Uganda; ukirudi, upande wa Kenya. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto abebewe cheti cha kuzaliwa. Njia za panya tunazijua sote, lakini kukamatwa Tororo bila karatasi kwa sababu ya matembezi ya siku moja ni hasara ya kujitakia.

Kadi za manjano ziko mbili na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, basi usiende kliniki Alhamisi Kuu. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA. Mwenye gari lake ataihitaji hiyo ya pili pamoja na hati za gari.

Ukibaki Kenya

Hifadhi ya Mlima Elgon huingiwa kwa lango la Chorlim, kupitia Kitale. Humo mna pango la Kitum, ambamo ndovu huchimba miamba kwa pembe wakitafuta chumvi. Pango hilo lina popo. Wageni wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg wakafa. Ingia tu ukiwa na askari wa hifadhi, usiguse popo wala kinyesi chao, na usilie chakula mle ndani. Ukipatwa na homa ndani ya siku 21 baada ya kutoka pangoni, nenda hospitali mara moja na umweleze daktari ulikokuwa kabla hajakuandikia dawa ya malaria.